Zamani Tuliuliza Tubebe Nini

Mtu wa Lurambi, Kakamega, aliyepata safari ya Uarabuni miaka ya 1980 na 1990 hakuwa na kitabu cha mwongozo wala ofisi ya kumweleza mambo. Alikuwa na fundi cherehani. Kibanda cha fundi huyo kilikuwa njia panda, pale barabara ya Mumias inapoachana na ile ya Webuye, si mbali na chuo ambacho siku hizo tulikiita WECO na ambacho tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Sote tulimwita Alhaji, hata sisi watoto wa Kanisa la Mungu na wa Marafiki ambao hatukujua Makka iko upande gani wa dunia. Alikuwa amehiji, na hilo lilitosha kumfanya mtaalamu wa kila nchi inayosema Kiarabu, kuanzia Misri hadi Omani.

Ukienda kushonewa kanzu au gauni refu la safari, ulipimwa huku ukielezwa. "Mwanangu, mkono wa kushoto uweke mbali na sahani ya watu." Anapima bega. "Mwanamke wa watu usimkazie macho, wala usimpe mkono mpaka yeye atangulie kunyoosha wake." Anapima kiuno, anaandika namba kwenye kipande cha paketi ya sigara. "Kamera ikae sandukuni. Askari usimpige picha, uwanja wa ndege usiupige picha, mama aliyejifunika usithubutu." Siku ya kuchukua nguo ulirudia uliyofundishwa mbele ya wateja wengine, nao walicheka ukikosea. Ulilipia nguo tu.

Elimu hiyo kupatikana kwenye barabara ya Mumias halikuwa jambo la kushangaza. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipumzika Mumias kwa Wawanga kabla ya kuendelea Uganda, na Joseph Thomson, yule Mskoti anayetajwa sana vitabuni, alipofika huko mwaka 1883, watu wa pwani walikuwa wameshaizoea njia. Uislamu ukaota mizizi kwenye jamaa ya mfalme wao, Nabongo Mumia. Kwa hiyo mtu wa Butsotso aliyetaka kuijua Arabuni alipanda matatu asubuhi, akaenda Mumias kuuliza, akarudi kabla ya mvua ya alasiri.

Waliosafiri wakati huo walikuwa wachache na tuliwajua kwa sura: mahujaji, vijana wachache waliopata nafasi ya kusoma dini Madina au Sudan, na baadaye, miaka ya tisini, wafanyabiashara waliokwenda Dubai kununua redio, saa na vitambaa. Safari ya mmoja ilikuwa shughuli ya kijiji kizima. Kuku alichinjwa, mchungaji aliomba, na wazee walimpa msafiri maagizo ambayo mengi hayakuhusu safari hata kidogo.

Pasipoti yenyewe ilikuwa fadhila. Uliandikiwa barua na chifu, ukatafuta mtu mwenye cheo wa kukudhamini, ukaenda Kisumu au Nairobi, ukarudi, ukaitwa tena. Kijitabu kilipotoka, jina lako lilikuwa limeandikwa kwa kalamu, na ulikifunga kwa nailoni ukakiweka chini ya godoro. Leo fomu inajazwa kwenye mtandao wa eCitizen, na tangu 2017 kijitabu chenyewe ni cha kielektroniki na kina nembo ya Afrika Mashariki. Hata kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano ambayo Saudia humdai Mkenya, imekuwa rahisi: zamani ilikwisha baada ya miaka 10, lakini tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ya maisha. Alhaji angefurahi, maana alikuwa akichukia sindano.

Nikiyakumbuka mawaidha yake sasa, naona jinsi mengine yalivyozeeka. Alituambia Alhamisi na Ijumaa nchi nzima imefungwa, usijaribu kwenda benki. Ilikuwa kweli. Lakini Juni 2013 Saudia ilihamisha mapumziko yake yakawa Ijumaa na Jumamosi, na Falme za Kiarabu, kuanzia Januari 2022, zimekwenda mbali zaidi: Ijumaa ni kazi nusu siku, kisha Jumamosi na Jumapili ni mapumziko, kama Kakamega. Kwa hiyo anayefika Dubai Jumapili akitumia hekima ya njia panda atakuta ofisi za serikali zimefungwa, na anayefika Riyadh siku hiyo hiyo atakuta watu wako kazini.

Alituonya sana kuhusu mutawa wa Saudia, wale walinzi wa maadili waliotembea sokoni wakiwahimiza watu kuswali na wanawake kujistiri. Mwaka 2016 walinyang'anywa uwezo wa kukamata watu. Alisema mwanamke haendeshi gari huko. Tangu Juni 2018 wanaendesha. Alisema hakuna sinema. Zilifunguliwa mwaka huohuo. Mikahawa iliyokuwa na mlango wa familia na mlango wa wanaume peke yao iliruhusiwa kuacha desturi hiyo mwisho wa 2019. Na mwanamke aliyetaka kuhiji ilibidi awe na mahramu, kama mume, kaka au mwana. Sharti hilo nalo limelegezwa, na mwaka 2022 waziri wa Hija wa Saudia alitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda bila mahramu. Nawaza fundi wetu angeyapokea vipi haya. Nadhani angefumua mshono kimya kimya na kuanza upya, kwa sababu hakuwa mtu wa kubishana na habari.

Kuna mambo, hata hivyo, aliyoyasema ambayo bado nayaona yana uzito kuliko video nyingi za simu. Kubwa lilikuwa kuhusu mizizi. Mama zetu hawakumruhusu mtoto kusafiri bila kifurushi: gome la mti kwa tumbo, majani makavu kwa homa, na wakati mwingine kitu kilichofungwa kwenye kitambaa ambacho hakikuelezwa. Alhaji aliomba kuona sanduku. Alichambua vifurushi kimoja kimoja na kuvirudisha kwa mama mwenyewe, kwa heshima. "Mama, huku hii ni dawa. Kule askari akiifungua atasema mtoto wako mchawi." Hakuwa anatia chumvi. Saudia huuchukulia uchawi kuwa kosa la jinai, na wafanyakazi wa nyumbani wamewahi kushtakiwa kwa sababu ya vitu vilivyopatikana kwenye mizigo yao. Miraa vilevile: hapa inauzwa stendi mchana kweupe, kule ni dawa ya kulevya. Leo ningeongeza vidonge vya maumivu. Tramadol na dawa zenye kodeini, ambazo mtu anaweza kupewa kihalali hospitalini Kakamega, zinaweza kumfunga Dubai au Jeddah kama hana karatasi ya daktari, na kwa nyingine karatasi pekee haitoshi mpaka kibali kiombwe kabla ya safari.

Ramadhani nayo haijabadilika. Asiyefunga asile wala kunywa hadharani mchana, awe Mkristo awe nani. Na mji wa Makka bado hauruhusu asiye Mwislamu kuingia. Barabarani kuna vibao vya kumgeuza.

Ya fedha alikuwa akiyaeleza kwa fahari ya mtu aliyewahi kushika noti za kigeni. Riyali, alisema, haitikisiki. Na ni kweli: tangu 1986 dola moja ni riyali 3.75, hadi leo. Kilichotikisika ni shilingi yetu. Mwaka 1990 riyali moja ilikuwa kama shilingi 6; sasa ni kama 34. Ndiyo maana mshahara wa Saudia ambao zamani usingemshtua mwalimu wa Lurambi sasa unamtoa mtu shambani.

Saa pia. Riyadh, Doha na Kakamega zina saa moja. Dubai na Muscat zimetangulia kwa saa nzima. Msafiri wa Jeddah hakuwa na haja ya kurekebisha saa yake, naye akirudi alilisema hilo kwa mshangao kana kwamba ni muujiza. Umeme ndio uliotuchezea. Dubai na Qatar hutumia soketi ya pini tatu nene kama yetu, lakini Saudia ya wakati ule ilikuwa na nyumba nyingi za volti 127 na plagi bapa za Kimarekani. Hujaji mmoja alileta redio kaseti nzuri ajabu, akaichomeka Amalemba kwenye volti 240 mbele ya wageni, na nyimbo ilizocheza hazikufika mbili.

Chakula hatukukijali, na hapo naona tulipoteza nafasi ya kuwafariji watu wetu. Watoto wa Butsotso hulilia mrenda wakiwa ugenini. Hakuna aliyetuambia kwamba mrenda ule ule, jani lile lile linaloteleza, Wamisri hulipika kwa mchuzi wa kuku au sungura wakaliita mulukhiya, na kwamba katika maduka ya Saudia na Falme za Kiarabu linauzwa bichi, kavu na la barafu. Ugali wa kulia nao ni juhudi yako mwenyewe.

Siku hizi mpwa wangu ana saiba, duka la mtandao, karibu na lango la chuo, nami hukaa pale na gazeti langu. Nafasi ya kibanda cha Alhaji imechukuliwa na duka la vipuri vya pikipiki. Wanaokuja saiba kuuliza habari za Uarabuni si mahujaji wala wachuuzi wa redio. Ni wasichana wa Shieywe, wa Ingotse, wa Navakholo, wengi wana mtoto mmoja au wawili waliowaachia nyanya zao, wanakwenda Riyadh, Jeddah na Dammam kufanya kazi za nyumbani. Wavulana wanakwenda Qatar na Dubai kuwa walinzi. Kombe la Dunia la 2022 lilichukua wengi. Na maswali yao yamenifanya niache kusoma gazeti.

Zamani tuliuliza: nibebe nini? Nivae nini? Nisalimie vipi? Binti wa leo anaegemea meza ya mpwa wangu na kuuliza kwa sauti ya chini: wakininyang'anya pasipoti nifanye nini? Simu ikichukuliwa, nitampigiaje mama? Nikitoroka nyumba ya mwajiri, nitashikwa? Hajapanda ndege bado, na tayari anauliza njia ya kutoka.

Ana sababu. Mfumo wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri anayemdhamini, na akiondoka nyumba hiyo bila idhini anaweza kuripotiwa kuwa mtoro. Mwaka 2014 serikali yetu ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati, ikaruhusu tena mwaka 2017 kwa masharti ya mafunzo na mawakala walioidhinishwa. Qatar iliwaondolea wafanyakazi wengi sharti la ruhusa ya kutoka nchini mwaka 2018, na Januari 2020 ikawaondolea hata wa nyumbani. Saudia ilifanya mageuzi yake Machi 2021, ili mfanyakazi aweze kuhama kazi na kusafiri bila kumpigia magoti mwajiri. Lakini wa nyumbani, ambao ndio hasa dada zetu, waliachwa nje ya mageuzi hayo. Mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa miaka michache tu. Vyeti vingi vilisema moyo ulisimama. Kila moyo husimama mtu akifa; hilo si jibu la kumpa mama aliyempeleka mtoto wake akiwa mzima, aliyepimwa kifua, damu na mkojo kabla ya kupewa viza.

Nimewasikia wazee wenzangu wakisema zamani kulikuwa na utu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mawaidha ya Alhaji yalikuwa na tundu kubwa katikati. Sikumbuki hata siku moja akitaja mshahara, mkataba, saa za kulala au jina la mwajiri. Aliijua nchi ya mahujaji. Ya jikoni hakuijua. Mwanamke wa kwanza ninayemkumbuka kutoka upande wetu aliyekwenda kufanya kazi ya ndani alishonewa gauni zuri, akafundishwa mkono wa kulia na wa kushoto, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kukataa kufanya kazi usiku kucha. Alifundishwa kuwa mgeni mwema, naye hakwenda huko kama mgeni.

Maelezo ya leo ni bora kwa mbali. Binti anaweza kusoma mwenyewe kwamba kima cha mshahara kilichokubaliwa kwa mfanyakazi wa nyumbani wa Kenya huko Saudia ni riyali 900 kwa mwezi, kama shilingi 31,000. Kwamba kanuni za Saudia zinampa muda wa mapumziko kila siku. Kwamba mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti yake. Kwamba mkataba wake unatakiwa uwe kwenye mfumo wa serikali ya Saudia unaoitwa Musaned. Kwamba viza na tiketi ni gharama ya mwajiri, kwa hiyo anayemdai pesa ya tiketi kule sokoni anamwibia. Anaweza kufungua orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira na kuona kama wakala wake ana leseni. Akitumia muda kidogo atajifunza pia kwamba Riyadh si joto tu: Januari usiku kuna baridi ya kushinda yetu ya Julai, na wasichana wengi huenda bila sweta.

Basi kwa nini nasikitika? Kwa sababu ya mlango wa kubisha. Zamani zile mwanafunzi mmoja alishikwa uwanja wa ndege wa Jeddah na vidonge ambavyo hakuna aliyevijua, mama yake akaja kibandani kwa Alhaji, akakaa kwenye benchi ya wateja asubuhi hadi jua la adhuhuri, hasemi kitu. Alhaji aliacha cherehani. Alikwenda Mumias kutafuta mtu anayejua mtu Jeddah, akaandika barua kwa Kiarabu chake cha msikitini, akatumia pesa yake ya stempu. Kijana alirudi baada ya miezi. Sijui kama barua ndiyo iliyofanya kazi. Najua kwamba yule mama alijua pa kwenda kukaa.

Leo msichana anashauriwa na sauti ya kwenye TikTok, mtu aliyeko Dammam au anayedai yuko Dammam, ana wafuasi wengi na viatu vizuri. Anashauriwa na dalali aliyefika sokoni kwa boda, aliyesema kazi ni ya keshia, na ambaye namba yake ya simu huzimwa siku ndege inaporuka. Kila mmoja ana maneno. Likitokea la kutokea, mama yake anakuja saiba, anasimama mlangoni, anamuuliza mpwa wangu kama mashine yake inaweza kumtafuta mtoto. Hata kupiga simu kuna mitego: Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp, watu hutumia Botim, na mama wa Eshisiru aliyezoea kijani cha WhatsApp hudhani mtoto amemtupa.

Pesa zinakuja, hilo siwezi kulikana. Nyumba za mabati mapya ukielekea Emukaba zimejengwa na riyali, na Benki Kuu iliandika kwamba Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024. M-Pesa, iliyoanza 2007, inamfikishia nyanya fedha kabla chai haijapoa, wakati hundi ya zamani ilichukua wiki kadhaa na safari ya kwenda benki mjini. Kwa upande huo wa safari hakuna anayeitamani zamani.

Ningependa chifu, mchungaji na imamu wa kila kata ya Lurambi wawe na daftari la waliosafiri. Si jambo la gharama. Kabla wakati huo haujafika, kila nyumba ijifanyie. Kama una binti, dada au jirani anayeondoka mwezi huu, mwombe leo nakala ya mkataba wake na ya pasipoti yake, jina kamili la mwajiri na mji anaokwenda, jina la wakala wa hapa na wa kule, na namba ya ubalozi wa Kenya Riyadh iandikwe kwenye karatasi na kushonwa ndani ya pindo la gauni lake, kwa sababu simu huchukuliwa. Nawe nakala yako usiiweke kwenye simu. Iweke chini ya godoro.